Vazi Lisilo na Mshono

Si zamani wala si kale, na mbali vilevile si mbali. Ukitaka kujua ni wapi, muulize yeyote aliyetoka huko, ukimpata. Kulikuwa na nchi moja iliyojaliwa kila kitu isipokuwa ubunifu. Hayo si maneno yangu, jamani, msije mkanitaja. Aliyasema Mtukufu Rais mwenyewe siku aliporudi kutoka ng'ambo, alikopelekwa kuona maonyesho ya mavazi, michoro, majengo na mapishi ya Kiafrika, akakuta watu wamepanga foleni mpaka barabarani kuyatazama.

"Vitu vyetu vinashangiliwa huko," alisema akiwa bado kwenye ngazi za ndege, "na sisi huku tunavivaa tu, tunavila tu, tunalala humo tu! Aibu gani hii?"

Watu wakapiga makofi, maana ndiyo kazi waliyoitiwa.

Wiki hiyohiyo Rais akaacha kuitwa Rais, akawa Mbunifu Mkuu. Ikaundwa Wizara ya Ubunifu yenye idara nne: Michoro, Majengo, Mapishi na Mavazi. Polisi wakalalamika kwamba wameachwa nje, ilhali wao ndio waliobuni kwa muda mrefu kuliko raia yeyote, na kesi walizobuni zimejaza magereza. Wakapewa idara ya tano. Kuta zote za mji zikaandikwa kwa rangi nyekundu: BUNI AU UBUNIWE. Watu walisoma wakacheka. Baadaye wakasoma tena, wakaacha kucheka.

Idara ya Michoro ndiyo iliyotangulia. Mchoraji mmoja hodari alichora picha ya Mbunifu Mkuu, kamati ikaisifu sana, ikaomba makunyanzi yafutwe. Yakafutwa. Kisha kikafutwa kivuli cha pua, kisha pua yenyewe, kwa sababu ilionekana kama inanusa kitu. Mwishowe likabaki turubai jeupe ndani ya fremu ya dhahabu, na ndilo linaloning'inia katika kila ofisi. Ukipita bila kuinamisha kichwa utaulizwa una shida gani na sura ya kiongozi. Mchoraji akapewa likizo ya ubunifu. Msanifu wa majengo naye akachora Ukumbi wa Umma. Madirisha yakatolewa kwa kuwa yanapitisha uvumi, mlango nao ukatolewa, na alipouliza watu wataingilia wapi, likizo yake ikaanza papo hapo. Mpishi wa Mlo wa Taifa alianza na pilau ya kunukia mtaa mzima, akaishia na maji ya moto yanayopakuliwa kwa upawa. Walimuuliza yamepungukiwa nini, akasema chumvi. Naye likizo.

Hakuna aliyerudi. Wake zao walipokwenda wizarani kuuliza, waliambiwa kwa upole kwamba waume zao wamejilaza kidogo kwa ajili ya taifa. Serikali ya nchi ile haijawahi kusema mtu amekufa. Iliona ni neno lisilo na ubunifu.

Basi zamu ya Mavazi ikamfikia Siwema.

Siwema alikuwa mshonaji wa nguo za kike mtaa wa Mapipa, mwanamke mnene mcheshi, na mdomo wake haukuwa na zipu. Hakuwa na kitabu cha mitindo. Alikutazama ukitembea, akakwambia, "Wewe mwenzangu, bega lako la kushoto linataka kuonekana, tulipe nafasi." Mumewe Shamte alisuka viti mlango wa pili. Jioni walifunga maduka pamoja, wakirudi nyumbani wanabishana ni nani kati yao aliyepata mteja msumbufu zaidi. Mungu hakuwapa mtoto. Walikuwa wao wenyewe wawili tu, na wakatosheka.

Kosa lake lilikuwa kumshonea mke wa waziri mmoja gauni zuri kupita kiasi. Siku ya sherehe za taifa, hotuba ikiwa imekolea, umati mzima ulikuwa unamtazama yule mama, hakuna aliyetazama jukwaa. Kesho yake gari jeusi likasimama Mapipa. Akateremka Mheshimiwa Dokta Chakupewa, Waziri wa Ubunifu, suti imempwaya kana kwamba aliiazima kwa waziri mwingine.

"Hongera, mama. Umechaguliwa kubuni Vazi la Taifa."

"Mbona sikuomba, mheshimiwa?"

"Ndiyo maana umechaguliwa. Walioomba tunawachunguza." Akajifuta jasho. "Sheria yake ni ndogo tu. Mbunifu atawajibika kwa lolote litakalosemwa na mtu yeyote juu ya vazi lake. Yeye na wa nyumbani kwake." Akageuka akamtazama Shamte aliyekuwa amesimama na ukindu mkononi, akamtazama kwa muda, kisha akaingia garini.

Siwema aliogopa, lakini tuseme ukweli, alifurahi pia. Ni mshonaji gani asingefurahi kuivisha nchi nzima? Akachovya kitambaa mwenyewe, manjano ya binzari na wekundu wa udongo wa njia za kwao. Akakata gauni lenye mikono mipana, ya kukunja ukitaka kufua na ya kuachia ukitaka kucheza. Shingoni akatia darizi nyeusi ya nukta nukta, na ubavuni mfuko mrefu wa kumezea chochote mwanamke anachotoka nacho sokoni. Wanaume akawakatia shati la darizi hiyohiyo. Shamte alipolijaribu na kupita nalo mtaani, wanawake walipiga vigelegele. "Shamte, umeoa tena?" "Nimeoa tena," alijibu, "mke yuleyule!" Siwema alicheka mpaka akakaa chini mlangoni.

Kamati ilikuwa na wasomi, machifu na mwakilishi wa jeshi. Ililiweka gauni mezani kama mgonjwa.

"Manjano ni rangi ya watu wa ziwani," alisema wa kwanza. "Wa milimani watanung'unika."

"Na nyekundu ni ya wa milimani," akasema wa pili. "Wa ziwani watanung'unika zaidi."

Rangi zikatolewa. Kisha wakaikodolea macho ile darizi. "Nukta hizi zinasema nini?" "Hazisemi kitu, mheshimiwa," akajibu Siwema. "Hilo ndilo linalotutia wasiwasi." Darizi ikatolewa. Mfuko ukaulizwa raia anataka kuficha nini. Mikono mipana ikaonekana inarahisisha mtu kuinua mkono, na anayeinua mkono ana swali. Vifungo navyo, kila kimoja na tundu lake, vikaonekana vya kibinafsi.

Kila kikao kilipokwisha Siwema alirudi Mapipa na gauni lililopungua, na kila aliporudi mdomo wake nao ulikuwa umepungua. Mwishowe Waziri akasimama na kusoma tafakuri iliyoletwa kutoka juu. "Mbunifu Mkuu ameuliza: mshono ni nini? Akajijibu: mshono ni mahali ambapo kitambaa kilitengana. Taifa moja haliwezi kuvaa utengano. Kwa hiyo ameagiza vazi lisiwe na mshono hata mmoja."

Wakapiga makofi, wengine wakasimama.

Siwema akaleta kitambaa cheupe cha bafta, hakijakatwa mikono wala shingo, akakitandaza mezani. Hapo wajumbe wakachangamka, maana sasa hata wasiojua kushona waliweza kuchangia.

"Kitaanguka," alisema mwakilishi wa jeshi. "Kifungwe."

"Kifungwe juu ya kichwa, kiunoni na miguuni," alisema profesa mmoja. "Kwa uwiano."

"Wanaume wapewe vipande vitatu."

"Na wanawake?"

"Vitano! Hawa kwani hutosheka?" Aliyesema hivyo akacheka peke yake, kisha akaacha ghafla.

"Kinukie kidogo," alisema chifu mmoja, sauti imeanza kumtetemeka lakini ulimi umeshazoea kuchangia. "Kafuri, labda."

"Na tumekuwa tukiwaambia wananchi watie pamba masikioni wasisikie ya maadui," akamalizia mwingine. "Ni wakati wa utekelezaji. Puani pia, kwa usalama."

Bafta nyeupe isiyo na mshono. Vitatu kwa mume, vitano kwa mke. Kafuri, pamba, vifungo vitatu. Hapakuwa na mtu mle ndani ambaye hajawahi kuzika. Siwema alikuwa amemvisha mama yake mzazi kwa mikono ile ile iliyokuwa mezani, na sasa alikitazama kitambaa akakitambua. Ilikuwa ni sanda, sanda kabisa ya kuzikia, na wasomi wote wale walikuwa wameifikia hatua kwa hatua, kwa makofi.

"Kuna maoni?" aliuliza Waziri.

"Limependeza," alisema profesa akitazama dari.

"Lina utulivu," alisema chifu, naye akitazama dari.

Kesho yake redio ikatangaza kwamba neno lile la kitambaa cha mazishi lisitamkwe hadi itakapotangazwa vinginevyo, na wenye maduka wakiulizwa waseme "nguo ya safari". Sababu haikutolewa. Kiwanda cha serikali kikaanza kusuka bafta mchana na usiku, za kumtosha kila raia.

Siwema alimvizia Waziri kwenye ujia wa wizara, chini ya lile turubai tupu.

"Mheshimiwa, tusidanganyane. Lile vazi ni—"

"Usilitaje!" Chakupewa aliangalia huku na huku, akamvutia ukutani. Usoni alikuwa amezeeka. "Nimelijua tangu walipofika kwenye kafuri. Wote wamelijua. Unadhani mimi sikumzika baba yangu? Sasa nani akamwambie?"

"Siku ya uzinduzi uwanja mzima utalijua. Mtu mmoja tu akisema, sheria inasema ni mimi. Mimi na Shamte."

"Ndiyo," alisema Waziri, na alimhurumia kwelikweli, hakuwa anaigiza. "Pole sana, mama."

Nyumbani Shamte alisema wakimbie. Wakimbilie wapi, na mipaka yote imefungwa ibuniwe upya? Walikaa wakitazamana juu ya sahani ya wali ambao hakuna aliyeugusa. Ndipo Siwema akapata wazo, na lilionekana wazo zuri. Mbunifu Mkuu hajui. Wanaomzunguka wamemwogopa mno hata hawamwambii ni nini hasa anachotaka kukivaa. Akiambiwa kwa adabu, faraghani, kabla ya siku yenyewe, atashukuru, vazi litabadilishwa, na mumewe atapona. Kesho alikuwa anakwenda Ikulu kumpima.

"Nitamwambia mimi," alisema.

"Siwema, mke wangu, nyamaza na wewe kama wao."

"Nikinyamaza ndiyo tumekwisha, baba."

Ikulu ilikuwa na chumba cha vioo pande zote. Mbunifu Mkuu alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya chini na mikono laini. Vazi lile halivaliki mtu akiwa wima, kwa hiyo ilimbidi alale juu ya meza ndefu. Akalala. Siwema akamzungushia kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, na vidole vyake vikafanya kazi vyenyewe bila kuulizwa, kwa kuwa vilishaifanya. Waziri Chakupewa alisimama mlangoni ameshika bakuli la kafuri.

Siwema akapiga magoti. "Mtukufu, nisamehe. Kuna jambo hujaambiwa. Hili si vazi. Hii ni sanda."

Bakuli likagonga mlango. Mbunifu Mkuu hakushtuka. Alitazama dari ya vioo, akajiona amelala huko juu, akatabasamu.

"Najua," alisema.

Siwema akainua kichwa kumtazama.

"Najua, mama. Nimezika wengi kuliko nyinyi nyote. Walipotoa pua kwenye picha yangu nilijua picha haina pua. Maji ya moto nilijua ni maji ya moto, mimi nyumbani nakula pilau." Alizungumza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Nilitaka kujua watafika wapi kabla mmoja hajasema. Sasa najua naweza kuwavisha chochote. Uwanjani nitaivaa mimi kwanza, na watapiga makofi, kisha watavaa wao. Mtu akishavaa hii kwa mkono wake mwenyewe hatadai tena kitu." Akageuza shingo kumtazama. "Ni wewe tu uliyesema. Nani mwingine amelitambua?"

Siwema alimwona Waziri kwenye kioo, amekauka, jasho linamdondokea kwenye kafuri. Neno moja lingetosha. Angeweza kulitoa akamkomboa Shamte. Lakini alikumbuka alivyoambiwa pole, na ulimi ukagoma.

"Ni mimi tu, Mtukufu."

"Vizuri. La wanaume limekaa sawa. La wanawake bado hatujalijaribu." Akafunguliwa, akashuka mezani akijinyoosha. "Haya, mama. Lala."

Alizuiliwa mle Ikulu hadi siku ya uzinduzi, na maelekezo aliyopewa yalikuwa mafupi: ataonyeshwa kwa umma akiwa amelala, na akijitikisa hata kidole, Shamte naye atapimwa. Vile vipande vitano alivileta Waziri Chakupewa. Hakumtazama machoni, na mikono yake ilikuwa mizito, ikambidi Siwema amwelekeze kipi kinaanza.

Uwanja ulijaa. Kila raia alipewa bafta yake iliyokunjwa, aipakate, aivae sherehe ikiisha. Bendi ilipiga. Mbunifu Mkuu akaletwa ndani ya vipande vyake vitatu, uso umeachwa wazi ili ayaone makofi, miguu imefungwa. Kwa kuwa hakuweza kutembea, askari wanne walimbeba mabegani mpaka kwenye kiti kirefu, na watu waliokuwa wakipita walisimama kimya kumpisha bila kujua kwa nini wamesimama. Mbele ya kiti, juu ya meza, alilazwa Siwema amefunikwa gubigubi.

Waziri akakohoa kwenye kipaza sauti. "Ndugu wananchi! Katika zama hizi za mageuzi ya ubunifu jumuishi na endelevu, mbunifu wetu mahiri, mama Siwema wa Mapipa, ametuonyesha njia. Amejilaza kwa ajili ya taifa. Makofi tafadhali!"

Hakuna aliyepiga. Shamte alikuwa safu ya mbele. Tangu mkewe aende Ikulu alikuwa amelala getini, akifukuzwa na kurudi, na kila aliyemuuliza alimwambia mama yuko kazini. Sasa aliyasikia maneno yaleyale waliyoambiwa wajane wa watu wa likizo, akaiona bafta, akaona vifungo vitatu. Alilia kwa sauti, hakujificha, mwanaume mzima. Kisha akasimama, akawageukia watu na kufanya kile ambacho mfiwa yeyote wa nchi ile angekifanya.

"Ndugu zangu! Mke wangu huyu. Mnamshuhudiaje?"

Swali hilo huulizwa katika kila msiba huko, kabla maiti hajanyanyuliwa, na mtu halifikirii, hulijibu tu.

"Mtu mwema!" uwanja mzima ukaitika.

Wakashtuka kwa sauti yao wenyewe. Hakuna aliyetamka lile neno lililokatazwa, na bado kila mmoja alikuwa ameshalisema. Wakatazama vile vitambaa walivyopakata, na mmoja mmoja wakaanza kuviweka chini polepole, kama mtu anavyoweka chini kitu alichokikuta si chake. Chini ya bafta Siwema alisikia yote, maana pamba ya serikali ilikuwa nyembamba. Machozi yalimtoka akashindwa kuyafuta.

Shamte alipanda jukwaani. Askari hawakumzuia, nani anamzuia mtu kwenda kwa maiti wake? Akafunua uso, akaweka kiganja kwenye paji, akalikuta lina joto.

"Siwema?"

"Mzima mimi," alinong'ona. "Fungua miguu kwanza, baba. Usiparamie."

Alifungua, analia na kucheka kwa pamoja. Alipomaliza, bado amepiga magoti na mkono wa mkewe umo mkononi mwake, aliinua macho kwenye kile kiti kirefu. Akamwona yule mwingine aliyevishwa vipande vitatu. Hakupaza sauti, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu.

"Na huyu je? Mnamshuhudiaje?"

Uwanja ulinyamaza. Mbunifu Mkuu alitabasamu, akasubiri, kama alivyosubiri kamati. Alikijua kimya cha watu wake, alikipenda kuliko makofi. Lakini hiki kilirefuka, na tabasamu likaanza kumchoka usoni.

"Jibuni," alisema.

Hakuna aliyejibu. Mtu mmoja wa safu ya mbele akasimama, akakunja mikono ya shati lake, akaanza kuja. Akafuata wa pili, kisha safu nzima, bila kukimbia na bila kelele, wakajigawa mistari miwili kama watu wanaokwenda kupokezana jeneza. Mbunifu Mkuu alijaribu kusimama akashindwa, miguu haikuachana. Alimwita Chakupewa kwa jina, mara ya kwanza kwa sauti ya chini, mara ya pili kwa ukali.

Waziri alisogea pembeni kuwapisha.